Magamba kwenye mguu wa boti: tulivyoyatoa na yaliyotugharimu

Boti yetu ni ya faiba, futi 26, mashine ya dizeli ikiwa ndani na mguu wake, unaobeba propela, ukitokeza nyuma kwenye tezi. Mimi na mjomba wangu tuliinunua ikiwa imeshatumika Dubai, ikaja Zanzibar melini, kisha ikavushwa hadi Tanga. Wenzetu wengi wanaopeleka wageni kisiwa cha Maziwe kutoka Pangani na Ushongo wana mashine za kuning'iniza, ambazo safari ikiisha huinuliwa zote juu ya maji zikapigwa jua. Mguu wetu hauinuki hivyo. Ukiupandisha hadi mwisho, nusu ya chini bado inabaki majini pamoja na propela zake mbili, zilizofuatana mstari mmoja na kuzunguka kila moja upande wake. Mtindo huo ulianzia Sweden mwaka 1982, na kwa kushika maji sijaona mfano wake. Kwa magamba ya baharini ndipo nyumbani hasa: kona nyingi, vivuli vingi, na propela za madini matupu yasiyopakwa kitu.

Masika ya mwaka ule ilimkuta mjomba anaumwa mgongo. Aprili na Mei wageni huwa hawapo hata ukiwa mzima, kwa hiyo boti ikabaki boyani Ghuba ya Tanga, upande wa Raskazone, tangu Machi mpaka Juni inaelekea ukingoni. Kila wiki alikwenda mtu kuitazama. Ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) kavu, kamba nzima, betri ina moto. Aliyezama kutazama chini hakuna.

Tulipokwenda kuichukua iliwaka vizuri. Shida ilianza nilipotia gia na kuongeza mafuta. Ilinguruma, ikatoa moshi mweusi, tezi ikazama, omo, yaani mbele, ikapanda angani, lakini haikuinuka kukimbia. Mshale wa mizunguko, ambao siku zote hupita 3,600, uligoma kwenye 2,700 hivi. Usukani ulitetemeka mpaka meno yakagongana. Kabla hatujatoka ghubani king'ora cha joto kikalia.

"Zima, mwanangu," mjomba akasema. "Hiyo imevaa koti."

Kijana mmoja wa pale pwani alivaa miwani akazama. Alipoibuka alikuwa anavuja damu viganjani. Mguu wote ulikuwa umegeuka mweupe, kila gamba kama kilima kidogo chenye tundu juu na ukingo unaokata, mengine yameota juu ya migongo ya mengine. Mapanga ya propela hayakuonekana yanaanzia wapi. Tundu za pembeni zinazovuta maji ya kupozea mashine zilikuwa zimezibwa, na hicho ndicho kilikuwa kikilia kwenye king'ora.

Ukitaka kuyashinda inasaidia kumjua unayepigana naye. Watu wengi, hata wavuvi, humweka kundi moja na konokono na chaza. Mnyama aliyemo ndani ya gamba ni jamaa ya kaa na kamba. Akiwa mchanga huogelea huru, mdogo kiasi cha kutoonekana kwa urahisi. Hatua ya mwisho kabla ya kutulia huwa hali kabisa, kazi yake ni kutafuta mahali tu. Akipapenda, hubandika kichwa, hutoa gundi yake mwenyewe, hujijengea kuta za chokaa, na maisha yake yote yaliyobaki hula kwa kupunga miguu kupitia lile tundu la juu. Charles Darwin aliwachunguza miaka 8, kuanzia 1846 hadi 1854. Mimi ile miezi michache imenitosha.

Kinachotuhusu katika habari hiyo ni mambo mawili. La kwanza, mtoto wa gamba anahitaji mahali palipotulia ili ajishike. Boti inayotembea kila siku humpa nafasi ndogo, inayolala humkaribisha. La pili, kuna siku za mwanzo ambapo anatoka kwa kusuguliwa na gunia tu. Zikipita hizo, unapambana na chokaa na gundi.

Sisi zilikuwa zimetupita muda mrefu. Tena tulikuwa na haraka, kwa sababu wageni wa Julai walikuwa wameshalipa kianzio. Tukakubaliana na kijana mwingine azame na tindo na nyundo, ayang'oe boti ikiwa palepale boyani. Alifanya kazi kwa bidii kweli. Alasiri nzima tulisikia ko, ko, ko chini ya miguu yetu, na vipande vikawa vinazama vyeupe. Jioni tukamlipa tukaondoka tumefurahi.

Usiku mlinzi akapiga simu: boti inakaa chini.

Kati ya mguu na boti kuna mipira minene yenye mikunjo. Mmoja unafunika kiungo kinachopeleka nguvu ya mashine kwenye mguu, na huo ndio mlango pekee uliobaki kati ya bahari na ngama yako. Magamba yalikuwa yameota hadi kwenye mikunjo. Tindo ilipoyafuata huko ikapasua mpira, ufa usiozidi kidole. Kijana yule hakuwa na njia ya kujua, maana kwa macho ni mpira tu uliochafuka, na hakuna aliyemwonyesha. Pampu ya ngama ilifanya kazi mpaka betri ikaisha. Tulifika na dumu na ndoo, tukahamisha maji gizani huku mjomba, mgongo ule ule, akipiga tambara na kamba kuzunguka mpira. Sijawahi kumsikia akitukana kabla ya usiku huo.

Kwa hiyo kama una boti ya mguu, kabla mtu yeyote hajashika chombo chochote mshike mkono umwonyeshe ile mipira. Magamba yaliyo juu yake hutolewa kwa vidole vyenye glavu na kipande cha plastiki, tena taratibu. Mpira wenyewe ukishapita umri wake badilisha usingoje.

Asubuhi tuliivuta hadi ufukweni tukasubiri bamvua, siku za maji makubwa. Hapa pwani yetu tuna neema ambayo watu wa bahari nyingine hulipia winchi na kreni. Bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kupwa kwake kukubwa huangukia kama saa nne asubuhi, mchana mweupe. Ndivyo wazee walivyopandisha majahazi wakayakwangua na kuyapaka deheni ya shahamu na chokaa. Unaileta boti maji yakiwa yamejaa, unaiegemeza sawa, maji yanakuacha mchangani. Unapata saa chache za kazi kabla hayajarudi. Zingatia lakini: jahazi lina mkuku wa kukalia, boti ya mguu haina. Pandisha mguu hadi mwisho, weka magogo au matairi chini ya ubavu, na uchimbe shimo chini ya propela. Uzito wa boti ukikalia mguu hata mara moja, hayo magamba utayasahau.

Tulipoanza kukwangua, jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba gamba bichi hutoka upesi kuliko lililokauka. Likipigwa jua nusu siku, gundi inashika kama saruji. Tukawa tunafunika kwa magunia yaliyoloweshwa sehemu ambazo hatujazifikia. Mashine ya kuoshea magari, ukiipata yenye nguvu, huondoa karibu nusu kabla hujainama, mradi usiielekeze kwenye mipira na kwenye oili sili za mhimili, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke na maji yasiingie. Kwa yaliyobaki, tindo tuliitupa. Mjomba alichonga kipande cha mkoko kikawa na ncha bapa, upana wa vidole vitatu, na tukakata vipande vya ubao wa plastiki wa kukatia nyama. Mguu ule ni aluminiamu chini ya rangi. Kila mkwaruzo unaofika kwenye madini ni mlango wa kutu nyeupe, na kutu nyeupe haina haraka ila haina likizo.

Ukikilaza kipande hicho karibu usawa na madini na kusukuma kwenye kitako cha gamba, linatoka zima. Ukilipiga kwa juu linavunjika na kukuachia kuta zenye ncha. Vaa glavu nene na mikono mirefu. Nilikatwa kwenye kifundo cha mkono, nikapuuza, baada ya siku chache mkono ulikuwa umevimba hadi nikahitaji dawa za zahanati. Kidonda cha bahari osha hapo hapo kwa maji safi na sabuni.

Gamba likiondoka huacha duara jeupe, kitako chake cha chokaa. Hapa ndipo watu huharibu. Jirani mmoja mwenye nia njema alituletea chupa ya asidi ya kusafishia vyoo, akaapa kwamba yeye hutumia kila mwaka. Ni kweli asidi hula chokaa. Ukiidondosha juu ya lile duara inachemka povu na duara linapotea mbele ya macho yako, raha tupu. Tuliijaribu kwenye propela ya nyuma. Ilipomaliza chokaa haikusimama, ikaendelea kuchemka juu ya aluminiamu. Tulipomwagia maji, panga moja lilikuwa limeingia rangi ya kijivu na limejaa vitundu vidogo ukilipitishia ukucha. Huenda propela ya jirani ni ya chuma cha pua, sikumuuliza. Mvuke wake nao ulitukohoza sote.

Tulirudi kwenye siki. Unalowesha kitambaa, unakifunga juu ya duara, unaliacha kama saa moja, unakwangua kwa plastiki, unasuuza kwa maji mengi yasiyo ya chumvi. Ni kazi ya kuchosha na boti nzima inanuka kachumbari. Yale yaliyokataa tuliyamaliza kwa msasa laini wa maji. Duara hizo usiziache kwa kudhani ni rangi tu: juu ya propela, ukwaruzo mdogo unatosha kupunguza mshiko wa maji, na kwa uzoefu wetu gamba jipya hupenda kuota palipokuwa na mwenzake.

Propela zenyewe zitoe. Usijidanganye kwamba utazisafisha vizuri zikiwa mahali pake. Toa ufunguo wa mashine uuweke mfukoni mwako, wala si mfuko wa mtu mwingine, zima betri, kisha ndipo uguse panga. Kuna pini au skrubu ya kufunga nati, kuna nati, kuna vishikio, na kwa boti za propela mbili mpangilio wa vishikio hivyo ni sheria. Piga picha kwa simu kila unapotoa kimoja. Zetu zilikuwa zimeng'ang'ania mhimili kwa sababu waliotutangulia walizirudisha bila grisi. Fundi alitumia maji ya moto, mafuta ya kulainisha na kipande cha mbao cha kugongea, akakataa katakata nyundo kugusa panga.

Propela ya mbele ilipotoka tukaona kitu ambacho hakuna gamba lililohusika nacho: mshipi wa kuvulia umejizungusha kwenye mhimili, umeyeyuka, umekata oili sili. Fundi alifungua kizibo cha oili ya gia. Ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji ya chumvi yalikuwa ndani ya gia boksi, na kama tungeendelea na safari hadi Pangani pengine meno ya gia yasingefika. Kwa hilo nayashukuru magamba, kwa shingo upande. Tangu hapo kila propela ikitoka namwaga oili kidogo niitazame. Ya kawaida iwe safi, nyeupenyeupe ni hospitali.

Chini ya magamba kulikuwa na madhambi mengine. Mwenye boti aliyetutangulia, au fundi wake, alipaka mguu rangi ile ile nyekundu ya chini ya boti. Rangi nyingi za aina hiyo zina shaba, na shaba kweli huwafukuza viumbe. Kwenye faiba na mbao haina neno. Juu ya aluminiamu ndani ya maji ya chumvi ni betri: madini mawili tofauti yanagusana, umeme mdogo unapita, na lililo dhaifu linaliwa. Aluminiamu ndiyo dhaifu. Kila mahali rangi ilipokuwa imebanduka palikuwa na shimo lenye unga mweupe. Ndiyo kazi ya zile zinki zinazofungwa kwenye mguu, ziliwe zenyewe badala yake. Zetu zilikuwa zimebaki vipande, na moja, siamini mpaka leo, ilikuwa imepakwa rangi. Zinki iliyopakwa rangi ni pambo.

Tuliikwangua rangi ile yote kwenye mguu, tukapaka praima ya aluminiamu, tabaka juu ya tabaka, kisha rangi ya kuzuia viumbe iliyoandikwa wazi kwamba ni ya aluminiamu, isiyo na oksidi ya shaba. Kwenye tezi tukaacha ukanda wa vidole viwili bila rangi ya shaba kuuzunguka mguu. Ukipewa kopo la zamani lililosahaulika stoo, lenye sifa kwamba "hii ya meli, haioti kitu miaka," likatae. Rangi zenye bati za wakati ule zilipigwa marufuku na mkataba wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, uliopitishwa 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008, kwa kuwa sumu yake ilikuwa inaharibu chaza na konokono wa bahari. Hao hao tunaokula.

Nilidhani mashine ingepoa sasa. Haikupoa. Magamba madogo yalikuwa yameingia hadi ndani ya njia za maji, yakafa, yakabanduka, yakasafiri hadi kwenye chujio na kwenye pampu. Fundi alipofungua pampu, impela ya mpira, kile kigurudumu kinachosukuma maji, ilikuwa imepoteza mabawa matatu, kwa sababu king'ora kilipolia ilikuwa inazunguka kavu. Na yale mabawa hayapotei hewani. Alifuata bomba hadi akayapata yamekwama kwenye kipozeo. Impela ikikatika usitosheke kuweka mpya. Tafuta vipande vyote, uvipange mezani mpaka umbo likamilike.

Gharama. Mpira wa mikunjo na oili sili vilitoka Dar kwa basi, impela na zinki vilevile, rangi na praima vikasubiriwa kutoka Zanzibar. Pamoja na fundi na vibarua ilikaribia milioni mbili, na hapo sijahesabu wageni wa Julai tuliowarudishia pesa zao wala dizeli iliyochomwa bure siku ile. Baadhi ya pesa hizo tulikopa kwa shangazi, ambaye anajua kukumbusha. Nikipiga hesabu ya kilichosababishwa na magamba yenyewe, napata impela, rangi na siku za kazi. Mengine yote ni ya tindo, asidi, mshipi na rangi ya shaba, yaani mikono ya watu. Gamba likikaa kwenye mguu linakupunguzia mwendo na kukulisha mafuta. Sijaona bado lililopasua mpira.

Sasa boti inalala Pangani. Mjomba ana imani ya kuipandisha mtoni siku ambazo hakuna safari, maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yawaue. Ana haki nusu. Maji baridi hawayawezi, lakini gamba lina milango, linafunga na kungoja siku kadhaa, na karibu na mlango wa mto chumvi hurudi kila maji yakijaa. Hata likifa, gamba tupu linabaki palepale kukusumbua. Halafu mto ule una mamba, na mzamiaji anayekubali kwenda kukagua propela huko sijampata.

Mimi naamini gunia. Kama boti haikutoka ndani ya wiki mbili, tunaipeleka nje kidogo ikimbie, kisha kijana anazama na gunia na kisu cha plastiki: tundu za maji kwanza, propela, mguu, akimaliza anaitazama zinki na kuniambia imebaki kiasi gani. Analipwa elfu ishirini. Kila bamvua ya pili tunaiweka mchangani, hata kama hatuoni kitu.

Kwenye propela tulijaribu pia rangi ya silikoni, iliyotoka Dubai, ambayo haina sumu ila huwa laini kiasi kwamba gamba halipati pa kujishikilia, na boti ikikimbia linateleza. Bei yake inauma, na kopo ni dogo. Inataka madini safi kabisa, bila alama ya kidole, na propela ile yenye vitundu vya asidi haikuishika vizuri, upande mmoja ulibanduka mapema. Ile nyingine bado inang'aa. Tukipata pesa tutabadilisha propela ya nyuma, na mjomba ameshasema itakuwa baada ya deni la shangazi.